Mahindi ya Kulwa

Kalunde mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Asubuhi nimekusikia ukiimba huku unafunga begi, na sasa umekwenda kanisani kuwaaga wenzako wa kwaya. Mimi nimebaki mezani peke yangu na nyumba imenyamaza, kama itakavyonyamaza kuanzia kesho. Nimeona niutumie mchana huu kabla hujarudi, kwa sababu ukiwa umekaa mbele yangu sitaweza kuyasema haya. Barua nitaitia kwenye begi lako la mkononi. Isome basi likishapita Itigi, usiisome hapa Tabora.

Sitakwambia habari za blanketi wala upepo wa Dodoma. Hayo utayajua mwenyewe ndani ya wiki. Nataka kukujibu swali ulilolianza ukiwa darasa la saba, ukalirudia juzi tulipokuwa tunaandika majina ya wageni wa kukuaga. Uliuliza, "Mama, mjomba Kulwa haji?" Nikasema ana shughuli za shamba. Mwezi wa tisa, Kalunde! Mwezi huu kule Nzega hakuna shughuli ya shamba inayomzuia mtu kumuaga mtoto wa pacha wake. Ulinitazama kidogo, ukaendelea kuandika. Nilijua hukuniamini, nikashukuru kwamba hukuuliza zaidi.

Mimi na Kulwa tulizaliwa asubuhi moja, yeye mbele mimi nyuma, na majina yetu yanasema hivyo kwa kila Mnyamwezi. Tulilala ngozi moja, tukaugua surua pamoja, tukafaulu pamoja kwenda sekondari. Siku majibu yalipotoka baba alituita ndani, akatwambia hawezi kutusomesha wote wawili. Hakusema aende nani. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Kulwa akasema, "Doto aende. Mimi jembe nalijua."

Hakulijua jembe kuliko mimi. Alichokijua ni hesabu. Nilipokuwa kidato cha kwanza nikirudi likizo, alikuwa anachukua daftari langu na kufanya maswali yote, halafu ananirudishia. Ndiye aliyekwenda kulima mashamba ya watu ili mimi niwe na viatu. Nilipopata cheti cha kilimo na kuajiriwa kwenye ghala la serikali la nafaka, alitembea kijiji kizima akiwaambia watu kwamba pacha wake ni mtu wa serikali.

Sasa nikupeleke kwenye mwaka wenyewe. Wewe ulikuwa darasa la pili, na baba yako alikuwa ametutoka miezi michache kabla. Mvua zilikuwa nzuri kila mahali, Nzega, Igunga, mpaka Urambo, ambako wakulima wa tumbaku nao walipanda mahindi mengi. Ukisikia mtu wa mjini anasema mwaka wa mavuno mazuri, anadhani mkulima anafurahi. Mkulima mkubwa anafurahi, kwa sababu ana mahali pa kuweka na anaweza kungoja. Mkulima mdogo anavuna siku ileile anayodaiwa ada ya mtoto, basi anauza siku ileile ambayo kila mtu anauza. Walanguzi walijaa vijijini na magunia yao ya lumbesa, yale yanayoshindiliwa mpaka yanaota kichwa, na wakawa wanatoa bei ya kumtupia mtu usoni.

Ndipo redio ikatangaza kwamba serikali itanunua. Bei waliyoitaja ilikuwa nzuri, Kalunde. Ilikuwa bei ya mtu mwenye akili aliyekaa akafikiri: nunua wakati mahindi yamejaa ili bei isianguke, uyaweke, uyatoe wakati yameadimika ili bei isipande. Mimi mpaka leo naamini jambo hilo. Juzi uliponisomea barua yako ya ajira, ulipofika kwenye maneno yale ya "uthabiti wa bei za vyakula", nilicheka, na wewe ukadhani nakudharau. Nilicheka kwa sababu nilitumia miaka ishirini na sita ya maisha yangu kwenye maneno hayo.

Nilipelekwa kituo cha muda cha ununuzi upande wa Nzega, niwe mpima ubora. Nilimpigia Kulwa simu siku ileile.

"Leta mahindi yako huku," nikamwambia. "Usimpe mlanguzi hata debe."

"Yote?"

"Yote."

Alikodi mkokoteni wa ng'ombe, akapakia magunia kumi na moja. Kila gunia alilipiga herufi K kwa rangi ya bluu, rangi iliyobaki alipopaka mlango wake. Alifika akakuta foleni ya malori. Wenye malori walikuwa wanaweza kukaa pale hata wiki, wamewaachia madereva, wao wako hotelini Nzega. Kulwa alikuwa na mkokoteni wa watu na ng'ombe wa watu, na kila siku iliyopita alikuwa anailipia. Alikaa siku mbili. Mimi nilikuwa namwona kutoka mezani kwangu. Sikumwendea hata kumpa maji.

Nikueleze kwa nini, ingawa si udhuru. Mkuu wa kituo alikuwa ametukusanya siku ya kwanza akasema atakayeonekana anabeba ndugu zake atafukuzwa. Mimi nilikuwa mjane wa miezi michache, nina wewe, nina nyumba ya kupanga hapa Gongoni. Niliogopa. Halafu, na hili ndilo nimechelewa kulikiri, nilipenda kuonekana mtu msafi. Nilitaka watu wa foleni ile waseme, huyu mama hana upendeleo.

Zamu yake ilipofika nilichoma gunia la kwanza kwa bambo, nikatoa punje, nikaweka kwenye kipima unyevu. Unyevu ulizidi kikomo kidogo. Nikajaribu la pili, la tatu. Yote yamezidi kidogo tu. Alikuwa ameyavuna mapema kwa sababu mimi nilimwambia alete.

Watu walikuwa wanatazama. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mkulima, mahindi yako yana unyevu. Rudi nayo ukayaanike."

Hakuelewa kwanza. Alisogea karibu, akaniambia kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, "Doto, nikayaanike wapi? Mkokoteni wa watu huu. Nikirudi nao siwezi kuja tena."

Mimi nikamjibu kwa Kiswahili. "Utaratibu ndio huo, mkulima. Anayefuata."

Nyuma yangu, hatua chache tu, palikuwa na sakafu ya saruji kubwa, imefagiliwa, haina kitu. Ilikuwa ya kituo. Angeweza kuyamwaga pale siku mbili yakakauka. Utaratibu haukusema aruhusiwe wala haukusema akatazwe, na mimi sikumuuliza mtu. Kulwa aliuza magunia yote kumi na moja pale getini kwa mlanguzi, kwa bei ya lumbesa, akarudi nyumbani na mkokoteni mtupu.

Siku ya nne baada ya hapo lori la yule mlanguzi likaingia. Nikachoma magunia moja baada ya jingine, yote makavu. Nikafika kwenye gunia lenye herufi K ya bluu. Likafuata la pili. Niliyajua yote kumi na moja. Mlanguzi aliniona nimesimama, akadhani nina shaka na unyevu. Hakuwa mtu mbaya. Mimi ningependa akuonekee mbaya, ila hakuwa. Aliniambia kwa upole kabisa, "Pima tu, mama. Nina sakafu ya saruji na maturubai. Siku mbili za jua zinatosha."

Nikapima. Yalikuwa safi. Nikasaini.

Serikali ililipa bei nzuri kwa mahindi yaleyale, punje zilezile. Ilikwenda kwa mtu mwenye sakafu. Kwenye taarifa ya kituo tuliandika kwamba tumenunua kwa wakulima wa eneo hilo, na bei iliyoandikwa ilikuwa ileile iliyotangazwa redioni. Kila neno la taarifa ile lingesimama mbele ya mkaguzi. Taarifa kama hizo ndizo zitakazokuwa zinakuja mezani kwako, mwanangu, na wewe utakuwa huna namna ya kuiona herufi ile ya bluu.

Ukafika mwezi wa pili. Ghala za watu zilikuwa zimeisha, bei ikapanda, na kijijini kwetu walionunua walikuwa walewale waliouza. Mke wa Kulwa alikuwa ananunua mahindi kwa kisado, kidogo kidogo, kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile aliyopata mumewe getini. Binti yao Minza alikuwa kidato cha pili. Alirudishwa nyumbani, hakurudi shule. Wewe unamjua Minza kama dada mwenye kibanda cha nguo pale Nzega, mwenye watoto watatu na kicheko kikubwa. Mimi ninamjua kama mtoto aliyekuwa anafanya hesabu kwa kichwa, kama baba yake. Sikwambii ili ujisikie vibaya kwa nafasi uliyoipata. Umeifanyia kazi. Lakini kati yako na yeye hakuna tofauti ya akili, na ningekuwa mwongo nikikuacha uondoke ukiamini ipo.

Mwezi huohuo serikali ilifungua maghala. Sitasahau. Tulianza kutoa mahindi siku ya Jumatatu, na kufikia Jumamosi bei ya sembe hapa sokoni Tabora ilikuwa imeshuka. Wafanyabiashara waliokuwa wameficha magunia waliyatoa wenyewe kwa kuogopa hasara. Mafundi, walinzi, akina mama wanaouza maandazi, wote walipumua. Nilitembea kutoka sokoni mpaka nyumbani nikijiona nimeshiriki kitu kikubwa, na nilikuwa nimeshiriki kweli. Kama kuna mtu atakwambia huko uendako kwamba serikali haina cha kufanya kwenye bei, kwamba soko liachwe tu, mwambie mama yangu aliliona soko likitii kwa siku sita.

Ila tulikuwa tunauza kwa tani. Wenye mashine ndio walionunua, na mashine ziko mjini. Unafuu ulishuka kwanza Tabora, ukafika Nzega mjini, na kule kijijini ulipofika mahindi mapya yalikuwa yameshaanza kukomaa.

Kwa furaha yangu ya wiki ile nilinunua gunia moja, nikalipakia kwenye basi, nikampa kondakta jina la Kulwa na kituo cha kumshushia. Kesho yake basi lilirudi na gunia. Kondakta alikuwa anaona haya.

"Amekataa, mama."

"Amesemaje?"

"Amesema nimrudishie afisa. Amesema nimwambie afisa yana unyevu."

Tangu siku ile ananiita afisa. Mama yetu alipofariki tulikaa mkeka mmoja siku tatu, akaniita afisa mbele ya watu wote, kwa heshima, na watu wakadhani anajivunia dada yake.

Nilijaribu kurekebisha. Msimu uliofuata nilimwandikia mkuu wa kituo barua: sakafu ifunguliwe kwa wenye mahindi mabichi, tununue maturubai, wenye mikokoteni wawe na foleni yao, na kila kijiji kipewe siku yake ili watu wachange usafiri na walete pamoja. Aliniita ofisini. Alisoma yote, kisha akaniuliza, "Doto, unataka kubadili sera ya taifa na bambo mkononi?" Wenzangu walicheka sana habari hiyo. Mimi pia nilicheka, nikaichukua barua yangu, na nikakaa nayo miaka miwili bila kusema tena. Miaka hiyo miwili nayo ni kosa langu. Nilikuwa nimeshajua, na nikaendelea kusema "anayefuata".

Mkuu mpya alipokuja, mama mmoja mkimya aliyekuwa anakula chakula chake amesimama getini, aliniuliza siku moja kwa nini watu wanauza nje ya geti wakati sisi tupo ndani. Nilimpa ile barua. Akasema tujaribu kituo kimoja, msimu mmoja.

Tulijaribu. Kijiji chetu kilipewa siku ya Jumatano. Walikuja na tela la trekta walilochangia, magunia yamechanganyika, na yaliyokuwa na unyevu yalimwagwa kwenye sakafu, wenyewe wakiyageuza kwa miguu na kupiga soga. Siku zilezile, nje ya geti, walanguzi walipandisha bei. Hakuna aliyewaamuru, wala hatukuwatuma mgambo. Walipandisha kwa sababu mkulima wa magunia matatu alikuwa na pengine pa kwenda. Hata waliouza nje, ambao hawakukanyaga kituo chetu, walipata zaidi. Nilisimama pale na bambo langu nikaelewa kitu ambacho cheti changu hakikunifundisha: ile bei ya redioni ilikuwa haijawahi kuwa bei mpaka mtu dhaifu kuliko wote alipoweza kuifikia. Mwezi wa pili uliofuata walikuwa na akiba kidogo, na sembe haikupanda kwa ukali ule.

Kulwa alikuwa kwenye foleni ya Jumatano hiyo. Nilipima mahindi yake, makavu. Nikasema, "Karibu, kaka." Watu wote walisikia. Nilitaka wasikie.

Akapokea karatasi yake kwa mikono miwili. "Ahsante, afisa," akasema, akaenda kwenye mizani.

Basi ndivyo ilivyo. Akauza vizuri mwaka ule, na uliofuata. Alipiga bati nyumba yake. Mdogo wa Minza alimaliza kidato cha nne. Nimeyasikia haya kwa watu wa sokoni, kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine.

Usidhani nina majibu yote. Kuna mwaka mpaka ulifungwa ili mahindi yasitoke nje ya nchi. Hapa mjini tukala ugali wa bei poa, na mimi nikafurahi kama kila mtu, wakati vijijini watu walikaa na magunia wakingoja mnunuzi asiyekuja. Nani alikuwa sahihi? Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba bei ikitulia, kuna mtu mahali fulani ameulipia ule utulivu, na mara nyingi ni mtu ambaye hakuulizwa. Uliza ni nani. Ukiambiwa mpango umefanikiwa, omba usafiri wa ofisi ukasimame getini nusu siku, upande wa nje. Watakuona msumbufu. Mimi niliogopa kuonekana hivyo, na nimelilipia hilo maisha yangu yote.

Na haki, Kalunde. Nilidhani haki ni kumtendea Kulwa sawasawa na mwenye lori. Nilikulea na wewe hivyohivyo. Nakumbuka ulipokuwa unalia kwamba sikukutetea kwa mwalimu hata mara moja, nikakwambia siwezi kumpendelea mtu. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa hutaki upendeleo, ulitaka mama. Nisamehe na hilo, maana sijui nitapata lini nafasi nyingine ya kuliandika.

Watu wananiuliza kama nitaweza kukaa peke yangu. Nawajibu kwamba nimezoea, nao wanadhani nazungumzia baba yako. Nimekuwa peke yangu tangu ile saa niliyosema "anayefuata". Wewe ulikuwa unaniziba nisione. Kelele zako, nguo zako kwenye kila kiti, kubishana kwetu kuhusu chumvi ya maharage, vilijaza nyumba kiasi kwamba nilikuwa napitisha mwezi mzima bila kumfikiria. Leo umetoka kwa saa mbili tu na nimemfikiria dakika zote.

Nasikia geti la jirani, huenda ni wewe, kwa hiyo nimalizie haraka. Kesho nitakusindikiza stendi. Nitakununulia karanga ambazo hutazila, nitasimama mpaka basi litoke. Halafu sitarudi nyumbani. Nimeshakata tiketi ya gari la Nzega la saa mbili asubuhi. Kutoka barabarani mpaka kwa Kulwa ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na sijaipita njia ile tangu mazishi ya mama. Sijamwambia kwamba nakwenda. Sina zawadi wala sijapanga maneno. Kila nikiyapanga yanakuwa kama taarifa ya kituo. Anaweza asinifungulie. Ana haki hiyo. Basi nitakaa nje pale uani mpaka gari la jioni, na keshokutwa nitapanda tena.

Usinipigie simu mchana. Kule mtandao hausomi vizuri, nami nisingependa iite wakati yeye anazungumza.

Mimi mama yako,
Doto